Nilipitwa na Mzee Anayetembea

Kikundi chetu cha baiskeli hapa Kisumu kina msemo: "Hatuachi mtu." Na kweli hawaachi. Wanatangulia, wanakungoja kileleni wakila ndizi kivulini, na wewe ukitokea tu ulimi nje wanarukia baiskeli zao. "Haya, amefika, twende!" Wao wamepumzika dakika ishirini. Wewe umepata nafasi ya kusema "jamani".

Jumamosi hiyo tulikuwa tunaenda Maseno, pale ikweta inapokata barabara, kama kilomita 25 kutoka mjini. Ukiwa ndani ya matatu huoni kitu. Ukinyonga baiskeli ndipo unapojua kwamba Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Maseno karibu 1,500, na kwamba karibu deni lote hilo unadaiwa baada ya Kisian.

Ijumaa jioni, nisije nikaonekana mchafu mbele za watu, niliosha baiskeli. Nilifungua gurudumu la nyuma, nikasugua spoku mojamoja kwa mswaki wa zamani, nikalirudisha mwenyewe bila fundi. Nilijisifu sana.

Kazi ya kukaa nyuma na wanyonge, yaani na mimi, alipewa mwalimu mstaafu, mama aliyepita miaka sitini. Kuanzia Otonglo alinichukua kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Mwanangu, jifiche nyuma ya mgongo wangu. Upepo niachie mimi." Nikajificha. Jamani, kumbe! Ni kama mtu amekushika mkono.

Karibu na Kisian akanipa siri nyingine: mlima ukikaribia, sogea mbele kabisa ya kundi. "Watakupita mmojammoja. Wakimaliza kukupita, utakuwa umepanda nusu." Hesabu nzuri. Tulikuwa watu kumi na wanane. Walinipita wote kabla sijamaliza kubadilisha gia, na wa mwisho akaniambia "pole, omera" kwa sauti ya mtu anayepita msibani.

Tukabaki wawili. Mwalimu alipanda huku akinihadithia harusi ya mpwa wake, chakula kilivyoisha, nani alinuna. Mimi nilichangia "mm". Mahali fulani kati yetu kulikuwa na sauti: kwii, kwii, kwii. Nikajua ni baiskeli yake imekosa mafuta. Lakini utamwambiaje mwalimu wa watu kwamba baiskeli yake inalia? Nikanyamaza.

Hapo ndipo mzee akatokea nyuma yetu. Alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, gunia la makaa nyuma, kuku wawili wakining'inia kwenye usukani. Hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma. Kwa miguu. Akanifikia, akawa sambamba nami, akanipita. Kuku mmoja, kichwa chini, alinitazama machoni muda wote huo.

Mzee alikwenda hatua kumi hivi, akasimama, akageuka.

"Kijana, mbona unapanda mlima umeshika breki?"

"Sijashika, mzee."

"Shuka."

Nikashuka. Akaegemeza makaa yake kwenye mti, akainua nyuma ya baiskeli yangu na kulisukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka robo, likasema kwii, likasimama. Nilikuwa nimelirudisha kombo. Raba ya breki ilikuwa imelala juu ya rimu tangu mjini, na rimu niliyoisugua ikang'aa sasa ilikuwa na mstari mweusi kuizunguka yote.

"Mwalimu," nikasema, "nilidhani ni baiskeli yako inalia."

"Na mimi nilidhani ni kifua chako," akasema. "Sikutaka kukuaibisha."

Mzee alilegeza nati, akalinyoosha gurudumu, akakaza. Haikufika dakika mbili. Alikataa pesa, akapokea ndizi yangu ya mwisho, akamkatia kuku kipande.

Kutoka pale nilipaa. Nilimwacha mzee, nikamwacha hata Mwalimu, nikaingia Maseno nimenyoosha mgongo kama mbunge. Wenzangu walikuwa wamekaa kando ya ile alama ya ikweta, chai imeisha, maganda ya mayai chini.

"Haya, amefika, twende!"

Wiki mbili baadaye tulirudi njia ile ile. Gurudumu lilikuwa limenyooka, nilikuwa nimelikagua mara tatu. Nilisogea mbele kabla ya Kisian, wakanipita wote, ingawa safari hii wa mwisho alinikuta nimeshabadilisha gia. Tukabaki wawili tena. Mwalimu alikaa kimya kwa muda, ametega sikio.

"Mwanangu," akasema, "leo ni kifua?"

"Leo ni kifua, Mwalimu."

Akaendelea na ile harusi alipoachia.