Treni Ikichelewa, Abiria Aambiwe

Juzi asubuhi treni ilichelewa kufika kituo cha Tokawa, huku Japani, kwa dakika chache tu, na kabla sijaanza kuitazama saa yangu mhudumu alikwishatoka ofisini, akatueleza kwamba upepo wa baharini umeilazimu treni kwenda mwendo wa polepole, akataja muda itakaoingia, kisha akatuomba radhi. Hatukuwa hata abiria watano. Kilichonigusa si ufupi wa kuchelewa kwenyewe, bali ni kule kuambiwa.

Tokawa ni kituo cha mwisho cha reli ya Choshi, mji wa wavuvi na viwanda vya sosi ya soya ulioko kwenye mlango wa mto Tone, mkoani Chiba. Ni jengo la mbao la zamani, lenye mabenchi yaliyochakaa, na ukutani pamebandikwa ratiba ambayo mtu anaweza kupangia siku yake. Reli yenyewe ilifunguliwa mwaka 1923. Ina urefu wa kilomita 6.4 na vituo 10, na mabehewa yake ni mitumba yaliyokwisha kutumika katika kampuni nyingine kabla ya kuletwa huku.

Nayataja hayo kwa makusudi, kwa sababu najua jibu linalonisubiri: "Kaka, Wajapani wana hela, usitulinganishe nao." Reli hii haina hela. Mwaka 2006 kampuni inayoiendesha ilikosa fedha za ukaguzi wa lazima wa treni, ikaandika waziwazi kwenye tovuti yake kwamba inahitaji fedha za matengenezo, na kuwaomba wananchi wanunue vitafunwa vyake vya mchele vilivyolowekwa katika sosi ya soya. Watu walinunua kwa wingi na treni zikaendelea kutembea, na mpaka leo mapato ya vitafunwa yanazidi ya nauli. Mwaka 2014 treni yake moja ilipoacha njia, wanafunzi wa sekondari ya biashara ya hapo mjini walichangisha fedha za kuitengeneza. Ikiwa shirika la namna hii, linaloishi kwa kuuza vitafunwa, linamheshimu abiria kiasi cha kumwambia ukweli, basi umaskini hauwezi kuwa sababu ya kumnyima abiria wetu taarifa.

Mimi nimekulia Tanzania, kando ya Reli ya Kati, na sihitaji kumsimulia yeyote aliyewahi kulala kituoni juu ya mabegi yake. Dirisha la tiketi limefungwa, mwenye sare ukimuuliza anakwambia "bado", na habari ya uhakika unaipata kwa mama muuza chai ambaye shemeji yake anafanya kazi kituo cha nyuma. Kinachonikera zaidi ni kwamba habari ipo. Kwenye reli ya njia moja inayotumiwa na treni za kwenda na za kurudi, iwe ya Choshi au ya kwetu, treni hairuhusiwi kuingia kipande cha reli mpaka ijulikane kwamba kipande hicho ni kitupu, kwa hiyo kuna mtu ofisini anayejua treni imefika wapi. Ameijua kwa simu au kwa redio, na kutoka kwenye meza yake mpaka kwenye benchi la abiria ni hatua chache. Ubao na chaki vingetosha.

Wapo watakaosema nimeidharau nchi yangu kwa sababu ya kuishi ugenini. Siidharau hata kidogo. Nilipokuja likizo nilipanda treni ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ambayo safari zake hadi Dodoma zilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, nikajivunia mbele ya wenzangu huku kwa picha nilizopiga. Sisi na Wazambia, kwa msaada wa Wachina, tulijenga reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ndani ya miaka ya sabini, tukapita milima na mabonde ambayo wengi waliamini hayapitiki. Watu waliofanya hayo hawawezi kushindwa kuandika saa ubaoni, na ndiyo maana sikubali nikiambiwa kwamba ndivyo tulivyo.

Mwingine ataniambia kwamba mhudumu akitangaza treni imechelewa kwa saa nane, abiria watamvamia. Siamini. Mama aliyeambiwa saa mbili usiku kwamba treni itaingia alfajiri atarudi nyumbani, atawalisha wanawe na kuwalaza kitandani, kisha atawahi kituoni kabla ya mapambazuko. Asiyeambiwa atawalaza sakafuni na kukesha akiwalinda wao na mizigo, na ifikapo asubuhi akimfokea yule mwenye sare, mimi nitakuwa upande wa mama huyo.