Besi Isiyo na Freti: Mimi Nabaki na Nyuzi Nne

Mpiga gitaa la besi akishaamua kuhamia kwenye lisilo na freti, yaani vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo kuonyesha kila noti ilipo, swali linalofuata siku hizi ni nyuzi ngapi, na washauri wengi humwambia achukue tano, kwa kuwa mwenye tano anazo na zile nne. Kwa besi ya kawaida sina ugomvi nao. Kwa isiyo na freti, nakataa.

Najua uzi wa tano, ule mnene wa B unaoshuka chini ya E, unatoka wapi. Huku kwetu ni kwaya na bendi za injili zilizoufanya uonekane wa lazima. Mwimbaji anaamka na sauti nzito, mpiga kinanda anabonyeza kitufe tu, wimbo mzima unashuka mpaka D, na mwenye nyuzi nne anabaki kukimbilia oktavu ya juu, noti ileile kwa sauti nyembamba, huku wimbo ukielea hewani. Mwenye uzi wa B anashuka nao bila jasho. Hapo hana mpinzani, ingawa spika nyingi tunazopigia hazina ubavu wa kuitoa hiyo B, ambayo ni mitetemo kama 31 tu kwa sekunde.

Sasa toa freti. Kwenye besi ya kipimo cha kawaida, uzi wa inchi 34, nusu toni ya kwanza, yaani hatua kutoka noti moja hadi inayoifuata, ina upana wa karibu milimita 48. Ukifika oktavu, katikati ya uzi, imebaki kama 24. Kidole kikikosea milimita tano kule kwenye noti za chini, wengi hawatagundua. Kosa hilohilo kwenye noti za juu, hata mama wa safu ya nyuma atageuka kutazama. Kinachokuokoa ni nyuzi zilizo wazi, zinazopigwa bila kubanwa na kidole. E, A, D na G hazikosei kama umetuni vizuri, na kila unapozigusa sikio linarudi kwenye mstari. Mwenye nyuzi tano huzoea haraka kupigia E kwenye uzi wa B, katikati ya shingo, kwa sababu mkono unapumzika pale. Kwenye besi yenye freti hiyo ni akili. Kwenye isiyo na freti umemfukuza shahidi wako, tena kwenye sauti nzito ambayo sikio la binadamu linapata shida kujua kama iko sawa au imeteleza.

Halafu kuna ule mlio wenyewe, ule wa kulia kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Unatoka pale uzi unapochezacheza juu ya mbao, na unakolea zaidi kwenye nyuzi nyembamba, kule kwenye noti za juu. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, aliupata kwenye Fender Jazz ya 1962 ya nyuzi nne, mbao yake ikiwa imepakwa epoksi, ile rangi ngumu ya maboti, ili nyuzi zisiitafune. Pino Palladino, mpiga besi wa Wales, aliupata kwenye Music Man ya nyuzi nne. Bakithi Kumalo wa Soweto, ambaye besi yake ndiyo inayosukuma albamu ya Paul Simon ya 1986, naye alikuwa na nne. Sikiliza wote watatu, uone kama kuna mahali unatamani washuke zaidi. Mimi sijapaona. Uzi wa B, unene wa inchi 0.130, unanguruma vizuri sana lakini kuimba ni kazi nyingine, na muda wote usioupiga lazima dole gumba liukalie usivume wenyewe.

Anayenisumbua ni mpiga besi wa Marekani, Gary Willis. Yeye hupiga tano bila freti, kila noti imesimama mahali pake, na Ibanez walimtengenezea besi yenye kibao chini ya nyuzi ili vidole visizame. Lakini mtu yule hupiga kwa wepesi wa ajabu na kuiachia ampu ifanye kazi. Wengi wetu tunazichimba nyuzi kwa nguvu.

Kama D ya chini ndiyo inayokunyima usingizi, kuna kifunguo cha kutuni chenye kiwiko: unakisukuma, E inashuka mpaka D, unakirudisha wimbo ukiisha. Na kama tayari unayo ya nyuzi tano na pesa ya nyingine haipo, usiiuze. Ipige mwezi mzima bila kuugusa uzi wa B, kisha urekodi skeli chache, noti zikipanda na kushuka kwa mpangilio, na kuzisikiliza ukiwa na kinanda pembeni cha kulinganishia.