Sifuri si ruhusa ya kitimoto
Habari yenu inasema picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya moyo inaonyesha nani yuko hatarini kuziba mishipa. Sawa, ila mngeeleza inachohesabu: kalsiamu iliyoganda kwenye kuta za mishipa ya moyo. Alama 0 ni nzuri, ikizidi 400 hatari ni kubwa. Mzee wangu hapa Moshi alipata 0. Jioni ileile nikamkuta Majengo na sahani ya kitimoto, chumvi pembeni, eti "daktari kaniruhusu"! Mafuta laini kwenye kuta za mishipa, yasiyoshika kalsiamu, kipimo hicho hakiyaoni, na sigara yake je? Halafu presha, ambayo ni mkanda wa mkononi na dakika mbili tu, hajapima tangu Pasaka.