Mapadre wa Roho Mtakatifu na elimu yetu: walikomboa watu au waliwabadilishia bwana?

Ukifika misheni ya Bagamoyo stori utakayopewa ni tamu sana, mapadre walikuja 1868 wakawa wanawanunua watumwa na kuwaacha huru, wakajenga kijiji cha uhuru, kisha unaonyeshwa mnara ambao mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, unapiga picha na mbuyu unaondoka. Hakuna uongo hapo, ila stori imekatwa katikati.

Hawa jamaa ni Shirika la Roho Mtakatifu. Lilianzia Paris 1703, kijana mmoja wa familia yenye hela, Claude Poullart des Places, aliachana na mambo ya sheria akaanza kuwatafutia chakula na pa kulala wanafunzi maskini waliotaka upadre, akafariki 1709 akiwa na miaka 30 tu. Mwaka 1848 wakaungana na shirika la Padre Libermann, mtoto wa rabi wa Kiyahudi kutoka Alsace, na huyo ndo aliyewageuza macho kuja Afrika. Kwa hiyo kushika wanafunzi wasio na kitu ndo mwanzo wao, hilo tusilisahau tukifika kwenye ada.

Zanzibar wakaingia 1863, miaka 5 baadae Bagamoyo chini ya Padre Horner. Hela nyingi za kukomboa watoto zilitoka Ulaya kupitia Utoto Mtakatifu, chama cha Kikatoliki cha watoto kinachochangia misheni, ndio, hicho hicho cha watoto wa parokiani kwenu. Watoto walifundishwa dini, kusoma, useremala, uhunzi, kilimo, wakikua wanaozeshwa wao kwa wao wanapewa kibanda pale kijijini. Wanaowatetea mapadre wanauliza swali zito kweli: mtoto aliyeibwa bara, hana ukoo, hajui njia ya kwao, pwani ya miaka ile ungemwachia mlango wazi aende wapi? Angekamatwa tena kabla ya jioni.

Sawa. Ila uhuru gani huo ambao kengele inakupangia siku nzima, siku nyingi za wiki unalima shamba la misheni, ndoa yako inasimamiwa na padre na ukikosea kuna adhabu? Wapo waliolalamika waziwazi na wapo waliotoroka. Na haya hayajasemwa na wapinzani wa kanisa, Paul Kollman ambaye ni padre wa shirika lingine ameyachimba kwenye barua za hao hao wamisionari na akaandika kitabu 2005. Mi hapo kwa waliotoroka ndo huwa nasimama, maana hao ndo wanafunzi wenyewe wakitoa maksi kwa shule yao. Lakini pia wengi walibaki, na wengine walitangulia bara na mapadre kuanzisha misheni mpya, kwahiyo nao wana kura yao.

Sasa ukipanda Kilimanjaro habari inabadilika kabisa. Kilema 1890 mapadre walipokelewa na Mangi (chifu) Fumba, hakuna aliyenunuliwa pale, mtoto alikuwa na baba, mama na kihamba chake, yaani shamba la migomba la familia. Walutheri nao walikuwa jirani wanavutana nao kila kijiji, huyu akifungua shule na yule anafungua, na watu wakaona faida wakajaza madarasa. Pwani Waislamu walikuwa na madrasa na masheikh wao tangu zamani, mzazi gani angempeleka mwanae kwa padre huku akijua nia ni kumbatiza? Mimi hiyo naiona hofu ya haki kabisa, sio "uvivu wa watu wa pwani" kama wengine wanavyopenda kusema.

Matunda yapo na hayafichiki. Kenya walianzisha shule Kabaa 1925, ikahamia Mang'u 1940, wakapita pale Tom Mboya na Mwai Kibaki. Kwetu Nyerere alikuwa mwalimu kwao Pugu mpaka Machi 1955 alipotakiwa achague ualimu au TANU. Akaacha kazi.

Tatizo ni kwamba matunda yaliangukia upande mmoja, wakati wa uhuru wasomi wengi walitoka sehemu zenye misheni, ndo maana sheria ya elimu ya 1969 ikazitaifisha shule na baadae nafasi za sekondari zikagawanywa kimikoa. Kuna wakatoliki mpaka leo wanalia kwamba waliporwa, na kweli majengo na jasho vilikuwa vyao, na baadhi ya shule zilichoka vibaya mikononi mwa serikali. Ila nikipima, nasimama na Nyerere hapa: nchi isingeweza kuacha sekondari zigawiwe kwa ramani ya misheni, hata kama mgawaji ana nia safi kiasi gani.

Kilichofuata ndo kinanichanganya. Masharti ya shule binafsi yalipolegezwa shirika likarudi kwa kishindo, Bagamoyo hapo hapo kuna shule za Marian, matokeo ya mitihani yako juu na hawaulizi dini yako. Wanaozitetea wanasema walimu lazima walipwe na maabara sio bure, ni kweli. Lakini mchujo umehama kutoka kwenye ubatizo umeenda kwenye mfuko wa mzazi, na mtoto wa mvuvi wa Dunda, hapo hapo mjini Bagamoyo, anapita nje ya geti anaenda shule ya kata. Kama wana nafasi za ufadhili kwa watoto wa mji ule wazitangaze ni ngapi kila mwaka, maana kwa shirika lililoanza na wanafunzi maskini wa Paris hilo ndo swali la kwanza la kuwauliza.