Kabla ya Kumpa Fundi Kazi ya Kupaua, Isome Karatasi ya Waranti

Ukiingia duka la mabati Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, swali linalofuata baada ya bei huwa ni la waranti, na muuzaji analo jibu mdomoni: miaka 10, miaka 15, wengine wanafika hadi 20. Mteja anaridhika, analipia, mzigo unapakiwa kwenye Fuso, na kesho yake ndipo anapoanza kuulizia fundi wa kupaua. Kwa maoni yangu mpangilio huo ndio unaotuumiza. Karatasi ya waranti inatakiwa iwe mkononi na iwe imeshasomwa kabla hujapatana na fundi yeyote, kwa sababu masharti mengi yaliyomo hayamhusu mwenye nyumba wala kiwanda. Yanahusu namna fundi atakavyoyashika, atakavyoyakata na atakavyoyafunga hayo mabati.

Paa lina dhamana mbili, na watu wengi wanadhani ni moja. Kiwanda kinadhamini bati lenyewe: kwamba halitatoboka kwa kutu, na rangi haitabanduka, ndani ya muda fulani. Fundi anadhamini kazi yake: kwamba maji hayatapita kwenye skrubu, kwenye kofia (bati linalofunika kilele cha paa), kwenye vali (bonde ambapo miteremko miwili ya paa inakutana) wala penye maungio. Nyumba ikivuja masika ya kwanza, mara nyingi bati ni zima na kosa liko kwenye ufungaji. Hapo karatasi ya kiwanda, hata ingekuwa ya miaka 50, haikusaidii kitu. Dhamana unayoihitaji siku hiyo ni ya fundi, na hiyo ndiyo ambayo hatuiombi.

Nianze na ya kiwanda. Ukiipata karatasi yenyewe, maana wakati mwingine unapewa kipeperushi chenye picha ya nyumba nzuri na maneno makubwa tu, itafute sehemu inayosema watakulipa nini. Waranti nyingi hupungua thamani kila mwaka. Bati la miaka 15 likiharibika mwaka wa kumi, miaka iliyobaki ni 5, kwa hiyo unaweza kufidiwa theluthi tu ya bei uliyonunulia, siyo bei ya leo. Gharama ya kushusha mabati ya zamani, kufunga mapya, kutengeneza siling'i bodi iliyolowa na kupaka rangi upya ni zako. Rangi kufifia nayo huwa na kipengele chake, tena chenye miaka michache kuliko kile cha kutoboka. Kwa hiyo muuzaji akikutajia namba moja, muulize: hiyo ni miaka ya rangi au ya kutoboka?

Angalia pia umbali wa bahari. Sisi wa pwani tusilipite jambo hili. Chumvi inayobebwa na upepo inakula bati haraka, na viwanda vinalijua hilo, ndiyo maana karatasi nyingi zinazitoa nje ya waranti nyumba zilizo karibu na ufukwe, au zinaipunguza miaka. Mtu wa Mbezi Beach au Kigamboni na mtu wa Dodoma wanaweza kununua bati lile lile kwa bei ile ile, mmoja akawa na waranti na mwingine akawa hana kitu. Wengine wanaweka sharti la kuosha kwa maji yasiyo na chumvi sehemu zisizofikiwa na mvua, hasa chini ya mapaa yanayochomoza, kwa kuwa juu mvua inaosha chumvi yenyewe na huko chini inabaki imeganda.

Na usome maandishi yaliyochapwa kwenye bati. Mabati mengi ya rangi siku hizi yana tabaka la aluminiamu na zinki, kiasi cha asilimia 55 aluminiamu na sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki. Uzito wa tabaka hilo huandikwa kwa herufi AZ na namba: AZ150 ni gramu 150 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ70 ni chini ya nusu ya hiyo. Watu wanabishana geji 28 na geji 30 dukani saa nzima, na ni haki yao, kwa sababu geji ndiyo unene wa bati. Lakini kinachozuia kutu ni hilo tabaka, na sijawahi kumsikia mteja analiulizia.

Sasa nije kwa fundi, na hapa nitakaa kidogo.

Jirani yangu wa Kibada alinunua mabati mazuri, migongo mipana, rangi ya udongo, yenye waranti ya miaka 15. Nilikuwepo siku ya kupaua. Fundi alirundika mabati kadhaa pamoja, akawasha grenda, akakata yote kwa mkupuo kwa ajili ya pembe za vali. Kazi ilikwenda haraka na kila mtu alifurahi. Cheche zilikuwa zinaruka kama mvua na kutua juu ya mabati mengine yaliyolazwa pembeni. Masika yalipopita, paa lilikuwa na vidoadoa vya kahawia, vidogo kama kichwa cha sindano, vingi mno upande ule wa vali, na kingo zote zilizokatwa zilikuwa zimeanza kuchubuka rangi. Jirani akapiga simu dukani. Akaja mtu wa kiwanda, akapanda ngazi, akapitisha kidole, akashuka na kusema: "Mzee, hizi ni cheche za grenda. Waranti haipo hapa." Akafungua karatasi akamwonyesha mstari wenyewe. Ulikuwepo.

Yule mtu wa kiwanda alisema kweli. Kila cheche ni chembe ya chuma cha moto. Inayeyusha rangi, inajichimbia, halafu yenyewe inaota kutu. Na joto la grenda linaunguza tabaka la zinki kwenye ukingo uliokatwa, yaani kinga inaondoka pale pale inapohitajika zaidi. Mabati yanatakiwa kukatwa kwa mkasi wa bati au mashine inayokata bila kutoa moto, na vumbi la chuma lifagiliwe siku hiyo hiyo. Tena kwa bati la migongo mipana kiwanda kinakukatia urefu unaotaka, kwa hiyo fundi aliyepima kenchi vizuri kabla ya oda hana sababu ya kukata mabati mengi juu ya paa. Waranti ya miaka 15 ya jirani yangu ilikufa siku ya kwanza, kabla hata nyumba haijawekwa madirisha, na fundi hakuwa na habari kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha karatasi.

Yako mengine ya namna hiyo. Misumari inayopigwa bondeni mwa bati, maji yanakopita, badala ya kwenye mgongo. Skrubu za bei ya chini zinazoshika kutu kabla ya bati, au zinazokazwa mpaka mpira wake unapasuka. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani yenye shaba, zikifungwa zingali mbichi na bati likalala juu yake moja kwa moja. Bomba la shaba la hita ya sola linalodondosha maji juu ya paa. Mabati yaliyokaa wiki kadhaa uwanjani yakiwa yamebanana, maji yakaingia katikati, yakatoka na kutu nyeupe. Kila moja ya hayo linaweza kuifuta waranti, na karibu yote yako kwenye mamlaka ya fundi.

Nyumba za paa la kuficha zinastahili onyo la peke yake. Kila aina ya bati ina mteremko wa chini kabisa ambao kiwanda kinaukubali, na katika hizi nyumba tunazozipenda sasa, paa linalazwa sana ili lifichwe na ukuta. Maji yanakwenda taratibu, yanaingia kwenye gata la zege nyuma ya ukuta, na gata likiziba kwa majani, maji yanarudi chini ya bati. Kama mteremko wako uko chini ya ule wa kwenye karatasi, umeshatoka nje ya waranti kabla ya mvua kunyesha. Mchoraji wa ramani na fundi wote wawili wanatakiwa kuiona hiyo namba.

Kwa hiyo nashauri hivi: ukimwita fundi kuja kuangalia kazi, mpe nakala ya karatasi ya waranti na umwambie akuambie atakatia nini, atafunga kwa skrubu gani, na wapi. Majibu yake yatakuonyesha mengi kuliko picha za kazi zake kwenye simu. Fundi mzuri atauliza maswali. Atakuambia kwamba skrubu ulizonunua hazifai, au kwamba kofia za ukubwa huo hazitoshi. Anayekujibu "Bosi, wewe usiwe na wasiwasi, nimepaua nyumba nyingi" na kuirudisha karatasi bila kuitazama, mimi singempa kazi hata kama bei yake ni nafuu.

Mkishakubaliana, andikeni. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili unatosha, na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akishuhudia ni vizuri zaidi. Uandike kwamba fundi atafuata masharti ya waranti ya kiwanda, kwamba kuvuja kokote kunakotokana na ufungaji atakurekebisha bila malipo ya ufundi kwa miezi 12, atafika ndani ya siku ngapi akiitwa, na nani atanunua vifaa vya marekebisho. Nasema miezi 12 ili paa lipitiwe na vuli na masika pia. Maji ya Aprili yanatafuta matundu ambayo manyunyu ya Novemba hayayafikii.

Halafu baki na sehemu ya fedha. Kwenye miradi mikubwa ya serikali jambo hili ni la kawaida: kuna kipindi cha matazamio, na sehemu ya malipo ya mkandarasi inashikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe. Sioni kwa nini mtu anayejenga kwa mkopo wa kikoba au kwa akiba ya miaka mingi asijilinde kwa njia hiyo hiyo. Asilimia 10 ya fedha ya ufundi inatosha kumfanya fundi apokee simu yako mwezi wa nne.

Lakini hapa lazima niwatetee mafundi. Wengi wanaishi kwa fedha ya wiki, na wapo wateja ambao neno "kasoro" kwao ni njia ya kumdhulumu mtu jasho lake. Fedha inayoshikiliwa isemwe tangu mwanzo, bei ya kazi ipandishwe kidogo kwa ajili yake, iwekwe kwa mtu wa tatu mnayemwamini wote, na tarehe ya kuitoa iandikwe. Tarehe ikifika na paa halivuji, mlipe siku hiyo hiyo. Na ukimnunulia fundi skrubu mbovu kwa kubana matumizi baada ya yeye kukukataza, usimdai dhamana.

Ukitumia kampuni badala ya fundi wa mtaani, hakikisha imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Kwa walioko Kenya ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Hata bila karatasi ya waranti, sheria ya Tanzania inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji. Ila huko kote utaulizwa risiti. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye jina lako, piga picha maandishi ya kwenye bati kabla halijapandishwa, na uhifadhi vyote pamoja na hati za kiwanja.

Wanaonunua nyumba iliyokwisha kupauliwa nao wanaambiwa "mabati haya yana waranti bado". Ombeni karatasi yenyewe na mtafute kama waranti inahamishika, maana nyingi zinamlinda mnunuzi wa kwanza peke yake. Kama haihamishiki, lihesabu paa hilo kuwa halina waranti, panda juu na fundi wako ulikague, na bei ya nyumba mjadiliane kwa hesabu hiyo.