Kutuma inatuma, kupokea ng'o!

Siku tatu nzima seva yangu ya barua pepe imenipiga chenga. Kutuma inatuma vizuri, kupokea ng'o! Na haisemi kitu. Logi (kumbukumbu za kazi) za Postfix, programu inayoshughulikia barua kwenye seva, nyeupe pee, hakuna hata mstari mmoja wa barua inayoingia. Afadhali ingenitukana.

Nikakagua rekodi ya MX (inayoonyesha barua zangu zipelekwe seva gani), iko sawa. Nikajaribu poti 25 (mlango wa barua zinazoingia) kwa telnet, programu ya kupimia muunganisho, kutoka kwenye laptop yangu, ikajibu fasta: 220, yaani "niko tayari". Nikaapa kosa ni la watu wa intaneti, nikawapigia na hasira zangu zote. Kumbe laptop na seva viko ofisi moja, rauta moja! Nilikuwa nabisha hodi nikiwa tayari sebuleni. Nilipomwomba jamaa mwenye seva yake huko nje ajaribu, kimya.

Tatizo lenyewe? Umeme ulikatika Jumatatu, mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) inayobeba seva ikawaka upya, rauta ikaipa anwani mpya: ilikuwa 192.168.1.50, ikawa 192.168.1.57. Lakini poti 25 rauta hiyohiyo ikaendelea kuipeleka kwa 50, ambako hakuna mtu. Jamani, umemhamisha mpangaji wewe mwenyewe, halafu wageni unawaelekeza chumba cha zamani?

Nimeifunga anwani isibadilike. Sasa barua zinaingia kwa mafungu, maana seva za watu hujaribu tena na tena (Postfix, mipangilio yake isipoguswa, hung'ang'ana hadi siku 5). Ya mteja wangu, ya Jumanne: "Kaka, mbona hujibu?" Ya Jumatano: "Basi, nimeshapata fundi mwingine."