Likizo ya Kuvaa Mpira Uliolowa

Mtu mzima, mwenye familia na mkopo, anadunduliza mwaka mzima, anapanda ndege hadi Malé, mji mkuu wa Maldivi, anaingia meli ya safari yenye viyoyozi na mpishi wake, kisha anaamshwa kwa kengele saa kumi na moja na nusu alfajiri. Si kwa swala wala si kuwahi basi. Anaamshwa akavae mpira uliolowa.

Maana suti ya kuzamia haikauki Maldivi, tusidanganyane. Itundike jioni, igeuze ndani nje, ikung'ute mpaka mabega yaume. Hewa ya bahari ina unyevu wake, na chumvi iliyobaki kwenye kitambaa huvuta unyevu mwingine usiku. Alfajiri unaikuta vilevile, ila imepoa. Halafu unaambiwa maji ni nyuzi 28 au 29. Basi suti ya nini? Ni kwamba maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Zama mara tatu kwa siku, dakika 50 au 60 kila mara, na siku ya nne utatetemeka ndani ya maji ambayo nyumbani ungeyaita ya kuogeshea mtoto. Unene wa milimita 3 unatosha. Mwembamba aongeze fulana ya ndani yenye kofia, na asimsikilize yule bingwa wa kaptura. Huyo kabla wiki haijaisha ataomba kuazima. Ukitaka mguu upite bila ugomvi, uvike kwanza mfuko wa plastiki. Mfuko mmoja wa sokoni unashinda nguvu za wanaume wawili, na bado kila asubuhi utawakuta wanavutana sitahani.

Chai ipo. Biskuti mbili. Chakula chenyewe ni baada ya mbizi ya kwanza, na mpishi anakaanga vitunguu wakati huohuo unapopanda dhoni. Huo ni ukatili ambao sheria haijautaja.

Dhoni ndiyo inayokupeleka majini. Meli kubwa ni ya kulala na kula; dhoni, ambayo zamani ilikwenda kwa tanga na ambayo mtu wa Lamu au Pemba akiiona haimpi ugeni, ndiyo inayobeba mitungi na kompresa. Mpango mzuri: kelele na moshi vinakaa mbali na kitanda chako. Unafunga vifaa vyako kwenye mtungi siku ya kwanza, unapewa sehemu yako kwenye benchi, na kutoka hapo mabaharia wanajaza mtungi papo hapo kwa mpira mrefu. Hapo ndipo uvivu unapozaliwa. Kwa kuwa hukufungua wewe, unadhani hakuna aliyegusa, kumbe kila baada ya mbizi kuna mkono umefungua na kufunga vali yako. Kabla ya kuruka, vuta pumzi tatu nne kwenye regulata, kile kifaa cha kupumulia, huku macho yako kwenye geji ya hewa. Mshale ukitulia, vali iko wazi. Mshale ukiyumba kila unapovuta, vali imefunguliwa kidogo tu: juu utapumua vizuri, chini utabaki unanyonya chupa tupu. Na wale wa desturi ya zamani ya kufungua yote kisha kurudisha robo, waache. Siku moja mtu anachanganya upande, anafunga yote na kufungua robo.

Halafu kuna ile pete ya mpira kwenye mdomo wa mtungi. Kitu kidogo kuliko pete ya ndoa, bei yake haifiki ya andazi, na kikipasuka dhoni nzima inashtuka kwa mlio na mbizi yako inasubiri. Meli nyingi huwa nazo, lakini chukua tano za kwako. Hutaona mtu akikupongeza kwa hilo, ila mbizi haitakupita.

Ukitumia hewa iliyoongezwa oksijeni, nitroksi, kuna ukarani tena: lazima uipime mwenyewe, uandike asilimia, kina cha mwisho, utie saini daftarini. Kila mtungi, kila mara, huku kifaa kinachukua muda wake kutulia na foleni nyuma yako inapumua kwa hasira. Fanya hivyo hivyo. Oksijeni ya asilimia 32 ina mwisho wake karibu mita 33. Ukipita hapo inaweza kukutia kifafa ukiwa na regulata mdomoni. Bahati nzuri sheria ya Maldivi inamkataza mtalii kupita mita 30, kwa hiyo hapo serikali imekufanyia hesabu bure.

Hesabu ya hewa, hiyo hakuna wa kukufanyia. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 una lita 2,400. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 30 shinikizo ni bar 4, basi kila pumzi inabeba hewa mara nne: lita 80 kwa dakika. Toa bar 50 za akiba, yaani lita 600, zimebaki 1,800. Gawanya upate dakika 22 na nusu za kukaa kina hicho. Na huyo ni aliyetulia! Aliyemwona papa na kuanza kupumua lita 30 amebakiwa na dakika 15. Na sikuzote mwenye mapafu mapana ndiye mwenzako. Umelipa sawa naye, umeamka naye, na kwa sababu watu huzama wawili wawili, geji yake ndiyo inayoamua lini unapanda. Dawa ni kukaa mita tano au sita juu yake. Unaona yaleyale, unatumia kidogo, na mkipanda unacho cha kumgawia akiishiwa.

Uzito sasa. Kila mtu anataka kuvaa mkanda wenye vipande vichache vya risasi vya kumzamisha ili aonekane fundi. Sikiliza: hewa ina uzito. Zile lita 2,400 ni karibu kilo 3, na mtungi wa alumini uliozama vizuri mwanzoni unataka kuelea ukikaribia kuisha. Matokeo yanaonekana mwisho wa mbizi, mita 5 chini ya uso, pale unapotakiwa kutulia dakika 3 nitrojeni iliyoingia mwilini ipungue. Fundi wetu anapiga mapezi kichwa chini kama bata, bahari inamtoa tu. Jaribio ni moja: ukiwa na bar 50, jaketi la kuelea likiwa tupu bila hewa, pumzi ya kawaida imeshikwa, maji yafike usawa wa macho. Ulijifunzia bwawani? Ongeza kilo 2 hivi, maji ya chumvi yanakusukuma zaidi.

Ukishajua hayo yote, unatupwa mlangoni.

Maldivi ni atoli, yaani pete za mwamba, na kwenye pete hizo kuna milango ambayo bahari nzima inapita. Wenyewe huiita kandu. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Aprili, maji huingia zaidi kwa milango ya mashariki, yakiwa safi. Samaki taa wakubwa huwa upande wa magharibi kunakotokea maji yenye chakula chao. Kusi ikija, mambo yanageuka. Upepo ni uleule uliokuwa ukileta majahazi pwani yetu, kwa hiyo mzee wa Bagamoyo angeielewa hotuba ya kiongozi wa mbizi kuliko watalii wengi. Papa husimama kwenye ukingo wa mlango pale mkondo unapoingia kwa nguvu. Na wewe unapelekwa hukohuko. Bamvua ikiwepo, shika miwani. Ukigeuza uso pembeni inang'oka.

Ndiyo maana kuruka kwenyewe ni kwa jaketi tupu: unaruka, unashuka moja kwa moja, hakuna kuelea na kusalimiana. Anayebaki juu dakika moja akirekebisha mkanda, mkondo unampitisha mlango, na atatumia mbizi yake akiangalia mchanga. Masikio basi yaanze kazi mapema. Mita za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa zaidi, kwa hiyo puliza taratibu kabla ya maumivu, kila mita. Ukisikia maumivu umeshachelewa. Panda kidogo, jaribu tena. Mwenye mafua aliyemeza dawa ya kufungua pua ndiye ninayemhurumia: inamruhusu kushuka, kisha inaisha nguvu chini, na hewa iliyoingia sikioni inakataa kutoka anapopanda.

Ukifika ukingoni unatoa ndoano. Ina kamba ya mita moja na nusu au mbili, inafungwa kwenye jaketi, ncha unaitia kwenye jiwe lililokufa. Jiwe, si tumbawe hai, na kabla ya kushika angalia kama mkunga haishi humo. Tia hewa kidogo kwenye jaketi upae juu ya mwamba, ukae uangalie papa. Wao wamesimama bila kupiga mkia. Wewe umelipa nauli, umefungwa kamba, na mapovu yako yanakwenda mlalo. Wakati wa kung'oa, toa kwanza ile hewa. Anayesahau anapanda bila kuomba, na mwendo salama wa kupanda ni mita 9 kwa dakika, si kwa pumzi moja.

Mkojo nao hatuna budi kuuzungumzia. Kila mzamiaji huenda chooni kabla ya dhoni, na dakika ya ishirini unambana upya. Si uzee. Ukiingia majini, shinikizo na ubaridi husukuma damu kutoka miguuni na mikononi kwenda kifuani, mwili unadhani una maji mengi kupita kiasi, unaanza kuyatoa. Wajanja hupunguza kunywa maji. Ujanja wa hatari: damu nzito isiyo na maji huongeza uwezekano wa ugonjwa wa mapovu ya nitrojeni. Kunywa, na yatakayotokea ndani ya suti yatokee. Ila kuna mapipa mawili ya maji yasiyo na chumvi sitahani: moja la suti, moja la kamera. Anayechovya suti kwenye pipa la kamera hastahili dhambi zake kufichwa.

Wenye kamera pia wana msiba wao. Unywele mmoja kwenye mpira wa kuzibia, na mashine ya mamilioni imekuwa birika. Wafungie kifuko cha kunyonya unyevu ndani, waifunge kwenye chumba chenye kiyoyozi ambako hewa ni kavu, maana wakiifungia sitahani kioo kitajaa ukungu mara tu kitakapogusa maji.

Mbizi ya usiku huko Alimathaa, atoli ya Vaavu, ni ya kupiga magoti mchangani huku papa wasio na haraka wakipita juu ya mapaja yako. Hao hawana neno. Wenye neno ni kolekole wakubwa, wanaowinda kwa mwanga wa tochi yako: unamulika samaki, anameza, na kishindo chake kinapita sikioni. Wewe umekuwa mshika taa wao, bila mshahara. Mchana, mwogope samaki aitwaye kikande mkubwa anayelinda kiota. Eneo lake lina umbo la pia iliyosimama juu ya ncha, linapanuka kwenda juu, basi usipande. Ogelea pembeni, mapezi yakimwelekea yeye. Ana meno ya kuvunja matumbawe na hana subira.

Kwenye meli kwenyewe, karatasi haiingii chooni. Imeandikwa ukutani, na bado siku ya pili pampu inaziba na baharia mmoja anakosa chakula cha mchana kwa ajili ya dhambi ya mgeni. Ukichafukwa na moyo, panda sitahani upande wa demani, unakoelekea upepo, tazama upeo wa macho. Aliyechagua upande wa goshi atajua kwa nini. Ikikukuta chini ya maji, tapika humohumo kwenye regulata, kisha bonyeza kitufe cha kuisafisha. Inapita, na samaki wanafurahi kuliko mpishi.

Watu wanalalamika wakikatazwa kuchaji betri chumbani usiku. Hapo sitanii: meli ya wazamiaji Conception iliungua California Septemba 2019, wakafa watu 34 waliokuwa chumba cha chini, na wachunguzi walisema hapakuwa na mlinzi wa kuzunguka usiku. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza nani anakesha, kisha tafuta mlango wa pili wa kutokea na upite humo kwa miguu yako, hata kama unaonekana mshamba.

Siku ya mwisho hakuna kuzama. Nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu ndegeni, kwa hiyo baada ya mbizi nyingi unasubiri saa 18 angalau. Wengi wanakaa 24. Unapelekwa kisiwani kununua fulana yenye picha ya papa. Suti, kama kawaida, haijakauka, na mzani wa uwanja wa ndege unaipima pamoja na maji yake. Betri za akiba lazima ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na regulata iweke hukohuko isije ikapotea. Afisa wa ukaguzi atafungua, atashika ile mirija minne, atauliza ni ya nini. Mwambie ya kupumulia. Atakuuliza kwani hewa ya huku juu ina kasoro gani.